Kuongeza mafuta kwenye chakula cha kondoo wanaokamuliwa: nini hubadilika ndani ya maziwa?

Mama Mkamuaji (Ndanda)

Ndugu wafugaji, hasa ninyi mlioko Masasi, Nachingwea, Newala na mwambao wote kuanzia Kilwa hadi Msimbati, nimefungua uzi huu kwa sababu mwezi uliopita nililazimika kumwaga jibini ya siku nne mfululizo, na baada ya kuchunguza nimetambua kwamba kosa halikuwa kwenye sufuria wala kwenye usafi wa kukamua, bali kwenye kikombe kimoja cha mafuta ya ufuta nilichokuwa nikimimina juu ya pumba za kila kondoo kwa nia njema kabisa.

Nina kondoo majike 14 wanaokamuliwa, wengi wao chotara wa kondoo wekundu wa Kimasai na wale wenye kichwa cheusi. Si kondoo wa maziwa kwa asili. Wafaransa wana Lacaune, ambao maziwa yao ndiyo hutengenezea jibini ya Roquefort. Watu wa Sardinia wana Sarda. Mashariki ya Kati wana Awassi, ambaye ana mkia wa mafuta kama baadhi ya kondoo wetu. Wangu mimi hukaa na watoto wao mchana, huwatenga usiku, na alfajiri kila mmoja hunipa kikombe kimoja, akijitahidi sana viwili. Lakini maziwa hayo ni mazito. Ya ng'ombe huwa na mafuta kiasi cha asilimia 3.5 hadi 4 na protini karibu asilimia 3.3, ilhali ya kondoo kwa kawaida huwa na mafuta asilimia 6 hadi 8 na protini asilimia 5 hadi 6. Ndiyo maana kilo moja ya jibini hupatikana kwa lita tano au sita za maziwa ya kondoo, wakati ya ng'ombe huhitaji lita kama kumi. Sijawahi kujuta kuwafuga.

Mafuta niliyapata kwa bei ndogo kwa jirani mwenye mashine ya kukamua ufuta, yale ya chini ya pipa yenye mashapo. Niliwaza kama mtu yeyote angewaza: mafuta yakiingia kwa mdomo yatatokea kwenye chuchu. Siku ya tatu kondoo wakaanza kubakiza majani horini. Yule mkubwa wao, ambaye akishashiba hulala chini ya mwembe akicheua hadi jua limtoe, alilala taya zikiwa zimetulia. Kinyesi, badala ya punje kavu zinazoviringika, kikawa donge laini linalong'aa. Maziwa yakapungua, na yaliyobaki nilipoyatia reneti, kile kigandishi cha maziwa ya jibini, yalichelewa kushikamana, kisha bonge likawa laini kiasi kwamba nilipolikata kwa kisu lilivunjika kama uji ulioanza kupoa, na maji yaliyochujika yakatoka meupe badala ya kuwa na ule umanjano wa kijani. Nikajua hapo jibini yangu imeondoka na maji.

Nimesoma, nimeuliza, na haya ndiyo niliyoyaelewa. Anayejua zaidi anisahihishe.

Mafuta ya maziwa hutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni kiwele chenyewe, ambacho hujitengenezea mafuta kwa malighafi inayotokana na majani: bakteria walioko kwenye rumeni, yaani tumbo la kwanza la mnyama anayecheua, huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi ya asetiki, ile ile iliyomo kwenye siki, na kiwele huiunganisha kidogo kidogo mpaka zipatikane asidi za mafuta zilizo fupi na za kati. Miongoni mwa hizo zimo kaproiki, kapriliki na kapriki, ambazo majina yake yametokana na neno la Kilatini la mbuzi, nazo ndizo huipa jibini ya kondoo na mbuzi harufu inayotambulika tangu mlangoni. Upande wa pili ni damu, ambayo huleta kiweleni asidi ndefu kutoka kwenye chakula, au kutoka kwenye akiba ya mwili pale kondoo aliyezaa karibuni anapokonda kwa kunyonyesha. Asidi ya palmitiki, iliyo katikati kwa urefu, hutoka pande zote mbili.

Ukiongeza mafuta kwenye chakula, upande wa pili hupanda na wa kwanza hushuka, kwa kuwa asidi ndefu zikifika kwa wingi kiweleni hupunguza ile kazi ya kiwele ya kujitengenezea zilizo fupi. Kwa kiasi kinachofaa, jumla ya mafuta ya maziwa hupanda, na hilo limeonekana wazi kwa kondoo wanaopewa mafuta ya mawese yaliyounganishwa na kalisi. Ukizidisha, unaliumiza tumbo. Mafuta hufunika majani kama yanavyofunika sahani ambayo haijaoshwa kwa sabuni, na bakteria wanaokula nyuzinyuzi, ambao hawayavumilii mafuta laini ya mbegu, hudhoofika. Majani yasiyoyeyushwa hukaa tumboni muda mrefu, kondoo hujihisi ameshiba, na hori hubaki na chakula.

Tena mafuta hayapiti rumeni yakiwa kama yalivyoingia. Bakteria huyageuza mafuta laini kuwa magumu ili yasiwadhuru. Asidi ya linoleiki, ambayo ni zaidi ya theluthi moja ya mafuta ya ufuta na zaidi ya nusu ya mafuta mengi ya alizeti, hupita hatua kwa hatua hadi kuwa asidi ya steariki iliyo ngumu. Katikati ya safari hiyo kuna asidi ya vaseniki, ambayo sehemu yake hutoroka kabla ya kugeuzwa, hufika kiweleni, na huko hufanywa kuwa asidi ya rumeniki, mafuta yanayopatikana hasa katika maziwa na nyama ya wanyama wanaocheua. Maziwa ya kondoo husifika kwa kuwa nayo nyingi kuliko ya mbuzi, na huongezeka wakati wa majani mabichi. Kwa hiyo anayelisha mbegu za mafuta kwa kiasi hupata maziwa yenye mafuta laini zaidi, na siagi yake hupakika kwa urahisi zaidi. Anayelisha mafuta ya mawese hupata siagi iliyo ngumu zaidi.

Jambo ambalo sikulijua kabisa, na ndilo lililonifanya niandike, ni kwamba mafuta yana gharama yake, na gharama hiyo hulipwa kwa protini. Kondoo wanaopewa mafuta ya nyongeza, hata yale yaliyotengenezwa kitaalamu, mara nyingi hutoa maziwa yenye protini pungufu, hasa kaseini, ile inayoganda kuwa jibini. Bakteria wa rumeni hukua kwa nguvu ya wanga na nyuzinyuzi, hawakui kwa mafuta, na bakteria hao hao wakishuka tumboni ndio huwa chanzo kikuu cha protini ya kondoo. Ukibadilisha wanga kwa mafuta, umepunguza idadi yao. Kiwele nacho huonekana kuchukua asidi za amino chache zaidi kutoka kwenye damu. Mtu anayeuza samli anaweza asihisi lolote. Sisi wa jibini tunahisi siku hiyo hiyo, kwa kuwa kaseini ndiyo wavu unaonasa mafuta. Wavu ukiwa mwembamba na mafuta yakiwa mengi, mafuta huondoka na maji.

Naomba mnieleze ninyi mnaotumia mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), chicha au mabaki ya korosho, mnapima vipi? Na kuna jambo moja linanikera. Mteja mmoja alitumbukiza laktomita, kile chombo cha kupimia uzito wa maziwa, kwenye maziwa yangu ya wiki ile, akasema namba imeshuka kuliko mwezi uliotangulia, kwa hiyo nimetia maji. Sikutia hata tone.


Kitangari

Shikamoo mama. Nashukuru kwa andiko hili. Mimi niko Newala na nafuga mbuzi wa maziwa sita, lakini nina kondoo wanne ambao mke wangu ameanza kuwakamua. Nina maswali mawili. La kwanza, ni mafuta kiasi gani kwa kondoo mmoja, kwa kipimo ambacho sisi tusio na mizani ya maabara tunaweza kukitumia? La pili, kijijini kwetu kila msimu hubaki korosho zilizovunjika na zilizokataliwa, pamoja na maganda mengi. Nilisikia mtu akisema maganda yana mafuta pia, kwa hiyo yanaweza kusagwa na kuchanganywa na pumba. Naogopa kujaribu.


Mama Mkamuaji (Ndanda)

Marahaba mwanangu. Umeogopa vyema. Ganda la korosho lina utomvu mkali unaochubua ngozi, wabanguaji wote wa huku wanaujua kwa vidole vyao, na mafuta hayo hayafanani na yaliyomo kwenye kiini. Usiyape mdomo wa mnyama. Kiini chenyewe ni chakula kizuri: karibu nusu yake ni mafuta, mengi yakiwa asidi ya oleiki kama ya zeituni, na protini yake hukaribia moja ya tano. Kwa kuwa nusu ni mafuta, konzi moja tayari ni dawa na konzi tatu ni sumu. Zilizoota ukungu usiwape kabisa.

Kuhusu kiasi, nitakuonyesha hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kumwaga kikombe changu. Kanuni inayotumika kwa wanyama wanaocheua ni kwamba mafuta yote kwenye chakula cha siku, kwa uzito mkavu, yasizidi asilimia 6 au 7. Chukua kondoo wangu wa kilo 35 anayenyonyesha. Kwa siku hula chakula kikavu kama kilo 1.25. Tuseme gramu 800 ni majani, gramu 250 ni pumba za mahindi na gramu 200 ni mashudu ya ufuta. Majani yana mafuta kidogo, kama asilimia 2.5, kwa hiyo hapo pana gramu 20. Pumba zetu za mahindi za mashine za kukoboa hubeba kiini cha mbegu, na mafuta yake yanaweza kufika asilimia 9, hivyo tuweke gramu 22. Mashudu yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo hubaki na mafuta kama asilimia 10, hizo ni gramu 20. Jumla ni gramu 62, sawa na asilimia 5.

Unaona? Kondoo huyo tayari anakula mafuta ya kutosha, na mimi nilidhani hali mafuta yoyote kwa sababu sijamwona akiyanywa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban gramu 14, nacho peke yake kinamfikisha kwenye asilimia 6. Kikombe changu cha kahawa, ambacho hubeba mililita 100, kilimwongezea gramu 92, na chakula chake chote kikapita asilimia 11. Niliporudia hesabu hiyo kwenye daftari mara ya tatu, nilitoka nje nikaenda kuwaomba radhi.

Ndiyo maana sasa nasema wazi kwamba mashudu ni bora kuliko mafuta ya kumimina. Ndani ya mashudu mafuta yamejificha kwenye tishu za mbegu na hutoka polepole wakati kondoo anacheua, hayamiminiki yote kwa mara moja juu ya majani. Zaidi ya hayo yanakuja na protini yake, na protini ya ufuta ina methionini nyingi, asidi ya amino ambayo mara nyingi ndiyo huadimika kwa mnyama anayetengeneza maziwa. Kwa hiyo unalipa mapema sehemu ya lile deni la protini nililolitaja.


Bwana Shamba Mstaafu

Binti yangu, nimefanya kazi ya ugani katika wilaya za Lindi kwa miaka mingi na nimefurahi kuona mtu anaandika hesabu badala ya uvumi. Naomba nikusahihishe mahali pawili, kisha nikutetee kwa huyo mteja wako.

Nianze na laktomita. Chombo kile hupima uzito wa maziwa yakilinganishwa na maji. Protini, sukari ya maziwa na madini huyafanya maziwa kuwa mazito kuliko maji. Mafuta, kwa upande wake, ni mepesi kuliko maji. Maziwa yakiongezewa mafuta na kupunguziwa protini, chombo huzama zaidi, sawasawa na vile kinavyozama maziwa yanapotiwa maji. Chombo chenyewe kimetengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba maziwa yako ya wiki ile yalikuwa na mafuta mengi kuliko ya mwezi uliotangulia, na mteja akakuhukumu kwa wingi wa kile kile anachokitafuta. Mwambie apime kwa njia ya Gerber, yenye asidi ya salfuriki na alkoholi ya amili ndani ya mrija wa kioo unaozungushwa na kupashwa joto hadi nyuzi 65. Lakini akumbuke kwamba mirija mingi ya ng'ombe haifiki juu vya kutosha, kwa hiyo maziwa ya kondoo huchanganywa nusu kwa nusu na maji, kisha jibu huzidishwa mara mbili. Usimruhusu yeyote apime kwa kuyaacha kwenye chupa usiku na kutazama malai. Maziwa ya kondoo hayana ile protini inayokusanya vijidonge vya mafuta kama yalivyo maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo malai yake hupanda polepole sana, na mtu anaweza kusema hayana mafuta ilhali yamejaa.

Sahihisho la kwanza linahusu namna unavyokamua. Umesema watoto hukaa na mama mchana na unakamua alfajiri. Kondoo anayenyonyesha huyazuia maziwa ya ndani kwa ajili ya mtoto wake, akakupa yale yaliyokwisha kushuka kwenye nafasi iliyo juu ya chuchu. Mafuta ndiyo hukawia kushuka, hivyo unachopata kina mafuta pungufu na anachonyonya mwanakondoo saa moja baadaye ndicho chenye mafuta. Wengi hukimbilia kununua chakula wakati dawa ilikuwa kumkanda kondoo kiwele kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kumkamua mahali tulivu na kwa mkono aliouzoea, na kumaliza hadi tone la mwisho. Kabla hujalaumu au kusifu chakula, hakikisha unapima maziwa yote.

Sahihisho la pili ni dogo. Umeandika kana kwamba mafuta ya mbegu yakizidi lazima yashushe mafuta ya maziwa. Hiyo ni habari ya ng'ombe zaidi. Ng'ombe anayekula nafaka nyingi na mafuta laini huzalisha tumboni asidi moja ya linoleiki iliyogeuka vibaya, nayo huamuru kiwele kupunguza mafuta. Kondoo na mbuzi ni wagumu zaidi katika hilo: mara nyingi mafuta ya mimea huwapandishia mafuta ya maziwa au huyaacha yalivyo. Dalili ya kuzidisha kwa kondoo huionea kwanza horini na kwenye kinyesi, kama ulivyoieleza vizuri, halafu kwenye wingi wa maziwa na kwenye bonge la jibini.


Mwambao

Nawasalimu wote kutoka Kilwa. Mimi nina kondoo wanaozunguka minazini, na chicha hatukosi kwa sababu mke wangu hupika na kuuza vitumbua na wali wa nazi. Huwapa kondoo chicha yote. Pia kuna wakati dagaa huwa wa bei ya kutupa, nao nimewahi kuwasaga nikachanganya. Je, hivi navyo vinaingia kwenye hesabu ya mama?


Mama Mkamuaji (Ndanda)

Vinaingia, tena vyote viwili vina tabia yake.

Chicha iliyokamuliwa kwa mkono bado ina mafuta mengi, kwa sababu mkono haukamui kama mashine. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na hiyo ni kali kwa viumbe vya rumeni: hupunguza protozoa na, ikizidi, hupunguza pia bakteria wa nyuzinyuzi pamoja na hamu ya kula. Katika maziwa utaona asidi za lauriki na miristiki zikipanda, yaani mafuta yale magumu ambayo wataalamu wa lishe ya binadamu wanatushauri tuyapunguze. Kwa hiyo konzi moja ya chicha kwa kondoo, ikiwa mbichi ya asubuhi ile ile, ni sawa. Beseni zima siyo. Kwa joto la Kilwa chicha huanza kuchacha kabla ya adhuhuri, na mafuta yaliyochacha kondoo huyakataa, au akiyala, maziwa hubeba harufu.

Dagaa ndio wa kuwaangalia zaidi. Mafuta ya samaki yana asidi ndefu sana ambazo huwazuia bakteria kumaliza ile hatua ya mwisho ya kugeuza vaseniki kuwa steariki. Matokeo yake yana sura mbili: asidi ya rumeniki kwenye maziwa huongezeka, lakini jumla ya mafuta hushuka, na hapo hata ule ugumu wa kondoo aliousema mzee wetu haumsaidii. Kama unauza mtindi au samli, dagaa watakupunguzia kile unachouza. Na maziwa yenye mafuta laini ya namna hiyo huharibika ladha upesi yakikutana na jua na hewa. Mimi ningewaacha dagaa kwa kuku.

Niongeze la karanga, kwa kuwa Nachingwea wapo wanaolisha mashudu yake. Huko ndiko Waingereza walikofyeka misitu kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga ulioachwa mwaka 1951, na karanga zimeendelea kulimwa huko tangu hapo. Mashudu yake ni mazuri kwa mafuta na protini, lakini karanga hupata sumukuvu kirahisi, na sumu hiyo haiishii tumboni mwa kondoo. Sehemu yake hugeuzwa na kutoka kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Mama anayempa mtoto maziwa hayo hawezi kuiona wala kuionja. Mashudu ya karanga yenye vumbi la kijani au harufu ya stoo yenye unyevu yachomwe, hata kama yalinunuliwa kwa fedha.


Lindi Mjini

Nimefuatilia kwa makini. Niliona mahali mfuko wa mafuta ya unga ya kulishia mifugo, yamesagika kama chumvi nene, na muuzaji alisema hayadhuru tumbo. Je, haya siyo suluhisho la yote mliyoyasema?


Bwana Shamba Mstaafu

Hayo ndiyo mafuta ya mawese yaliyounganishwa na kalisi ambayo mama aliyagusia mwanzoni. Yalianza kufanyiwa kazi kwa wingi miaka ya 1980 huko Marekani. Kwa lugha nyepesi ni sabuni: asidi ya mafuta imefungwa na kalisi, kwa hiyo kwenye rumeni iliyo na hali ya kawaida haiyeyuki na haiwasumbui bakteria. Ikishuka kwenye tumbo la nne, penye asidi kali, kifungo kinafunguka na mafuta hufyonzwa utumboni. Zaidi ya asilimia 80 ya mfuko huo ni mafuta.

Muuzaji amesema kweli kwa nusu. Kondoo aliyejazwa nafaka huwa na rumeni yenye asidi, na kifungo hicho huanza kufunguka humo humo pH ya rumeni (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ikishuka chini ya 6. Pili, yanalinda tumbo, hayalindi protini: ni kwenye mafuta ya aina hii ndiko imeonekana sana kwamba mafuta ya maziwa ya kondoo hupanda na protini hushuka. Tatu, ni mafuta matupu. Mfuko huo unamfaa mwenye Lacaune au Awassi anayetoa lita mbili kwa siku na anayekonda kwa sababu hawezi kula chakula cha kutosha. Kondoo wa vikombe viwili hajafika mahali ambapo mafuta ndiyo yanayompungukia. Huyo anapungukiwa majani mazuri, maji na protini, na lusina (malisho ya jamii ya kunde) iliyokatwa ikiwa changa itampa zaidi kuliko mfuko uliotoka ng'ambo.


Mama Mkamuaji (Ndanda)

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kunitetea. Nimerudi baada ya wiki tatu ili nisiwaache hewani.

Mafuta ya pipa niliyarudisha. Kwa siku tano za kwanza niliwapa majani na hei tupu pamoja na maji na chumvi, na siku ya nne yule mkubwa nilimkuta chini ya mwembe akicheua. Kisha nikaanza mashudu ya ufuta kwa gramu 50, nikaongeza kila baada ya siku nne hadi gramu 200, nikiyagawa asubuhi na jioni. Pumba nimezipunguza kidogo kwa sababu ya ile hesabu. Kiwele nakikanda kwa kitambaa cha uvuguvugu kama mzee alivyoelekeza, na tofauti ya ujazo niliiona wiki hiyo hiyo, kabla hata mashudu hayajafika kiasi chake.

Jibini ya juzi ilikatika kwa kisu ikaacha ukingo mkali, na maji yaliyochujika yalikuwa ya kijani na angavu. Nimeyaonja maziwa yenyewe: ni mazito mdomoni, bila ile ladha ya mafuta ya taa niliyokuwa nikiisikia wakati wa kikombe.

Kitangari, uliniuliza kwa ujumbe ni baada ya muda gani utajua kama badiliko limefaulu. Aina ya mafuta kwenye maziwa huanza kubadilika ndani ya siku chache, lakini bakteria wa tumboni huhitaji wiki mbili hadi tatu kuzoea chakula kipya. Usihukumu maziwa ya siku ya tatu. Chagua kondoo wawili waliozaa wakati mmoja, mmoja umpe mashudu na mwingine umwache na chakula chake cha zamani, wakamue wote hadi mwisho, na yatie reneti maziwa ya kila mmoja kwenye bakuli lake, kiasi sawa na joto sawa. Baada ya nusu saa kata mabonge yote mawili kwa kisu kimoja na uangalie rangi ya maji.